Fundi Walubengo na redio isiyovuka tisini

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Jumapili ya mwisho ya Julai 2006. Ukungu umeushika mji wa Kitale kiasi kwamba mtu hamwoni mwenzake mpaka wakaribie kugongana. Kando ya barabara ya kwenda Webuye, mbele ya banda moja la mabati, gari jeupe limeegeshwa taa zake zikiwaka, lisije likagongwa na bodaboda. Kwenye mlango wa dereva imetokeza miguu miwili yenye gambuti zilizotapakaa tope.

Miguu hiyo ni ya Zablon Walubengo, fundi wa redio za magari, mwenye umri wa miaka arobaini na saba. Amelala chali chini ya dashibodi. Tochi ndogo ameing'ata kwa meno, na waya tisa zinamning'inia usoni.

"Fundi, imeshika?" anauliza mwenye gari, Kimutai, mchuuzi wa maziwa, huku akiruka-ruka kwa baridi.

"Bado. Na usiguse kitu!"

"Mimi sijagusa. Nauliza tu. Wazee wananingoja nyumbani, bana."

Walubengo anashika waya mwingine. Amebakiwa na dakika arobaini na tano. Gari hilo lisipoondoka Kitale likiwa na redio inayoshika kituo cha tisini na nane nukta sita, mama yake mzazi, Mama Rasoa Nanyama, atakosa kitu ambacho hajawahi kukipata katika miaka yake sabini na minane. Atakosa kuisikia sauti yake mwenyewe.

Mama Rasoa ndiye mwimbishaji wa kwaya ya akina mama wakulima wa Misikhu. Mwezi Juni, watangazaji walifika Misikhu siku ya maonyesho ya mbegu, wakawarekodi akina mama hao wakiimba wimbo wao wa kuwaonya watu dhidi ya dumuzi, yule mdudu anayegeuza gunia la mahindi kuwa gunia la unga. Wakaambiwa wimbo utatangazwa Jumapili hii, katika kipindi cha wakulima kinachoanza saa mbili asubuhi. Utatangazwa mara moja tu.

Majirani wa Mama Rasoa wana redio ndogo za betri, na yeye mwenyewe anayo moja. Shida ni masikio. Tangu mwaka 2001 yamekuwa yakififia. Akiiweka redio ndogo sikioni, anasema, husikia kama mchwa wanatembea kwenye majani makavu.

"Kuimba anaimba vizuri kabisa," Walubengo anaeleza. "Wimbo uko kichwani mwake. Akimaliza kuanzisha, anaangalia midomo ya wenzake ajue wamefika wapi. Lakini ukimwita kwa mlango, hasikii."

Krismasi iliyopita ndipo familia ilipogundua jambo. Binamu mmoja alifika na gari lenye spika kubwa milangoni. Mama Rasoa akaketishwa ndani, vioo vikafungwa, naye akauegemea mlango. Muziki ulipopigwa, alishtuka akashika kifua. "Nasikia!" akapiga kelele. "Nasikia mpaka kwa mbavu!"

Ndiyo maana Kimutai alipofika bandani wiki hiyo na gari lake lililotoka Japani, akilalamika kwamba redio yake haishiki chochote ila mahubiri ya kituo kimoja, fundi alimuuliza kwanza anaelekea wapi Jumapili. Kimutai akasema anakwenda Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma, kumposea mdogo wake, Kiplimo, msichana wa huko.

"Nikamwambia, basi usinilipe hata senti," Walubengo anakumbuka. "Lipa hivi. Ukifika Misikhu, pinda, mtoe mzee mmoja ndani ya gari, umkalishe mama yangu mpaka wimbo uishe. Halafu endelea na safari yako."

Kimutai alikubali hapo hapo. "Mimi pia niko na mama," alisema.

Mtu asiyejua kazi hii anaweza kudhani redio hiyo ilikuwa mbovu. Haikuwa na ubovu wowote. Redio za magari ya Japani zimetengenezwa kwa vituo vya huko kwao. Namba zake huanzia sabini na sita, na zikifika tisini hugeuka zikarudi mwanzo. Vituo vingi vya hapa nyumbani viko juu ya tisini. Kwa hiyo mtu hununua gari zuri, redio inawaka taa za rangi zote, kisha inamzomea tu njia nzima.

Dawa yake ni kisanduku kidogo, kidogo kuliko kiberiti kikubwa, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Hukaa kati ya antena na redio, kikavishusha vituo vyote kwa namba kumi na sita. Kituo cha tisini na nane nukta sita kinakuja kukaa themanini na mbili nukta sita, mahali redio inapoweza kukifikia. Ila kisanduku hicho nacho hula umeme. Ni lazima kitafutiwe waya wake wa moto.

Hakuna kitabu kinachoeleza ni waya upi. Kama kipo, hakikuvuka bahari pamoja na gari. Walubengo aliwahi kukipata kimoja cha Kijapani ndani ya gari la mteja, akakipeleka nyumbani akakigeuza juu chini, mbele nyuma, siku tatu.

"Niliambulia namba tu," anasema, na kucheka. "Hayo maandishi mengine yote yalikuwa kama nyumba ndogo ndogo zimejengwa kwa laini."

Akaamua kujifundisha mwenyewe. Ana madaftari matatu ya shule aliyoyajaza michoro ya kila redio iliyopita mikononi mwake. Ana taa ya indiketa aliyoifunga waya mbili. Akiugusisha waya mmoja kwenye bodi ya gari na wa pili kwenye waya asioujua, taa ikiwaka, hapo pana umeme. Kwa spika anatumia betri moja ya tochi. Anaigusisha kwenye waya mbili, na mahali fulani ndani ya gari spika inakohoa, kro! Anachora: mlango wa nyuma, kushoto.

"Rangi za waya usiziamini sana," anaonya. "Gari limepita kwa mafundi watatu kabla yako. Kila mmoja aliunganisha na waya aliokuwa nao mfukoni."

Asubuhi hii, taa yake ya majaribio inagusa waya mmoja wa rangi ya machungwa, nayo inawaka vizuri. Anauunganisha na ekspanda, anaufunga kwa tepu nyeusi, anabonyeza namba mpaka themanini na mbili nukta sita.

Kwaya ya kanisa inalipuka ndani ya gari kwa nguvu hata Kimutai anajigonga kichwa mlangoni.

"Hiyo ndiyo redio!" anapiga kelele. "Hiyo sasa ndiyo redio!"

Walubengo anatoka chini ya dashibodi akiwa na vumbi nyusini, anabandika kipande cha karatasi juu ya redio. Ameandika: TOA 16. Saa kumi na mbili u nusu, gari linatokomea ukunguni likielekea kumchukua Jepkoech, mke wa Kimutai, pamoja na wazee watatu.

Fundi mwenyewe anabaki. Nafasi garini imejaa, na amekubaliana na mteja mwingine aje saa tatu. Anawasha redio ya bandani, anaiweka kwenye tisini na nane nukta sita, anakaa juu ya kopo la rangi kungojea saa mbili.

Walubengo hakuanza na redio. Alianza na miavuli. Alitoka Misikhu mwaka 1983, akiwa ameacha shule darasa la sita, akaja Kitale, mji ambao mvua yake haibishi hodi. Akatandika gunia karibu na stendi akawa anashona viatu na kutengeneza miavuli, mmoja kwa shilingi tano, baadaye ishirini.

Siku moja mwaka 1998, dereva wa lori alisimama mbele ya gunia lake akilaani antena iliyovunjika. Walubengo alikuwa na mfupa wa mwavuli mkononi. Akamwambia, hebu tujaribu hii. Akauchomeka, akaukaza kwa mpira wa baiskeli. Taarifa ya habari ikaingia moja kwa moja.

"Yule dereva aliniangalia kama nimefanya uchawi. Akanipa shilingi mia. Mia! Kwa kitu ambacho ningekitupa. Nikajiambia, Zablon, inua macho kutoka kwa viatu."

Tangu hapo hakugeuka nyuma. Alijiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima ili aweze kusoma maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye mashine. Leo anatoza shilingi mia tatu hadi mia tano kwa kufunga redio moja, na wiki nzuri humwachia elfu tatu na mia tano. Amesomesha watoto wanne. Hajawahi kumiliki gari, wala hajui kuliendesha.

Jirani yake wa bandani ni Kemboi, mziba pancha, mtu wa maneno mengi. Saa mbili kamili anakuja na kikombe chake cha chai, anavuta tairi, anakaa.

"Leo tunamsikia mama?"

"Leo tunamsikia. Na yeye anajisikia."

"Kama ile redio haijakufa njiani."

"Kemboi, funga mdomo."

Mtangazaji anasalimia wakulima wa Trans-Nzoia, Bungoma na kwingineko. Anasema wataanza na bei ya mbolea, kisha watakuwa na wageni maalumu, akina mama wa Misikhu. Kemboi anapiga makofi. Hapo hapo simu ya Walubengo inalia mara moja, ikakatika. Ni Kimutai anabipu.

Walubengo anapiga. Kabla hajasema halo, anasikia, "Fundi, redio yako imekufa!"

"Imekufa namna gani? Inawaka?"

"Inawaka. Inaonyesha hiyo themanini na mbili yako. Lakini inafanya shhhh peke yake. Mama yako amekaa hapa, ameshika mlango, ananiangalia. Kwaya nzima imezunguka gari. Nitawaambia nini?"

Mtu mwingine angetupa simu. Walubengo anafumba macho, anaingia garini kwa mawazo. Anamwambia Kimutai asukume plagi ya antena nyuma ya redio. Inasikika sauti ya mzee fulani akilalamika kwamba anakanyagwa. Plagi imekaza. Anamwambia ashike ekspanda kwa kidole.

"Ni moto ama baridi?"

"Baridi kama jiwe."

"Hailishwi," Walubengo anamwambia Kemboi, mkono juu ya simu. "Ekspanda haipati umeme. Lakini ilipata! Mimi niliiona!"

"Rudi kwa miavuli," Kemboi anasema, ingawa amesahau kunywa chai yake.

Kwenye redio ya bandani, bei ya mbolea imekwisha. Mtangazaji anaanza kuwatambulisha akina mama wa Misikhu, wimbo wao na dumuzi wao. Na simu ya Walubengo inatoa mlio mara tatu, ikanyamaza. Salio limekwisha.

"Shika!" Kemboi anamtupia simu yake. "Shika, bana, piga! Usiulize!"

Fundi anabonyeza namba haraka. Kimutai anapokea, na wakati huo huo, kutoka kwenye redio ya bandani, sauti nyembamba na kali ya mwanamke mzee inapanda peke yake. Mama Rasoa ameanza kuimba. Yuko Kitale, kwenye banda la mabati, mbele ya mziba pancha. Lakini Misikhu, ndani ya gari lililofungwa vioo, mwanamke huyo huyo ameegemea mlango unaozomea.

"Kimutai, nisikilize. Ilinyamaza wapi?"

"Kamukuywa."

"Kamukuywa hapo mahali gani?"

"Hapo tu, ukungu ulipoisha, jua likatoka. Tulidhani ni milima inaziba."

"Jua likatoka, ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu! Nilikuwa naendesha!"

Kisha sauti ya Jepkoech ikaingia kutoka kiti cha nyuma, bila haraka, kama mtu anayemkumbusha mumewe kwamba amesahau kofia. "Si ulizima taa."

Walubengo alijipiga paji la uso, na Kemboi anasema alama ya kiganja ilibaki mpaka saa nne. Ule waya wa rangi ya machungwa! Ndio unaoleta umeme wa kuangazia dashibodi. Huwa na moto taa za gari zikiwaka, na zikizimwa hufa. Yeye alikuwa ameupima alfajiri, ukunguni, taa zikiwaka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Washa taa!" akapiga ukelele.

"Taa? Na jua hili lote?"

"Washa taa, Kimutai! Washa zote!"

Palisikika mlio wa swichi. Kisha simu ya Kemboi ikajaa sauti.

Walubengo alimsikia mama yake mara mbili kwa pamoja, kwenye redio yake na kwenye simu. Ubeti wa kwanza ulikuwa umepita, na ubeti wa pili ndio kwanza ulikuwa unaanza. Halafu ikaja sauti ya tatu, karibu zaidi na simu kuliko zote, ikiyumba kidogo. Mama Rasoa alikuwa ameanza kuimba pamoja na redio. Nje ya vioo, kwaya ilimwona mdomo ukifunguka, ikapokea kiitikio bila kuambiwa.

Kemboi alisimama akaanza kuzunguka tairi lake akipiga makofi. Watu wawili waliokuwa wakienda kanisani walisimama, wakauliza kuna nini, wakaambiwa nyamazeni, mama anaimba.

Wimbo ulipokwisha, Kimutai aliisogeza simu kwa Mama Rasoa. Kwa kuwa hawezi kusikia kwenye simu, yeye husema yake tu, na mtu wa upande wa pili humwacha amalize.

"Papa," alisema, akimwita kama akina mama wa Bungoma wanavyowaita wana wao wa kiume. "Papa, nimesikia. Kumbe nina sauti kali hivi? Mbona hamkuniambia? Wanasikitika hapa ati ubeti wa kwanza umenipita. Huo ninaujua, si niliuimba mimi? Na Phelista anachelewa kuingia. Kila mara anachelewa. Miaka yote hii nilikuwa namwangalia mdomo, nadhani ni macho yangu. Kumbe ni yeye!"

Phelista, ambaye ni jirani na rafiki wa Mama Rasoa kwa miaka thelathini, alikuwa amesimama nje ya kioo, hajui kwamba anashtakiwa. Leo anakiri kosa huku akicheka. "Nachelewa, ni kweli. Lakini mimi navuta pumzi kwanza. Yeye havuti pumzi, sijui anatumia nini."

Kisa hakikuishia Misikhu. Kimutai hakuthubutu kugusa swichi tena. Wazee walikuwa wanataka habari za michezo, na yeye alikuwa anaogopa kuiua redio ya watu. Akaendesha kutoka Misikhu hadi Kanduyi, jua la saa tatu likiwaka, na taa zake zikiwaka.

Kila anayeishi upande huu anajua gari linalowasha taa mchana linasema nini. Linasema limebeba msiba. Malori yalipisha. Mzee mmoja mwenye baiskeli karibu na Webuye alishuka, akavua kofia, akaishika kifuani mpaka walipopita. Basi la wanafunzi lililokuwa likija lilipunguza mwendo, na waliokuwa wakiimba ndani wakanyamaza.

"Nikaona huyu amesimama, yule ameinamisha kichwa," anasimulia Jepkoech. "Nikamwambia Kimutai, zima taa, watu wanatulilia. Mzee wa mbele akasema asizime, habari za mpira hazijaisha. Mimi nikajifunika leso uso mzima. Sasa nikaonekana kama mjane kabisa!"

Walipoingia Kanduyi, wakwe walikuwa wamejipanga langoni na nyimbo zao tayari. Walipoona taa, nyimbo zikakatika. Mama mmoja akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeaga dunia huko Kitale. Kiplimo, bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa ametangulia, alikimbilia gari huku machozi yakimlengalenga, akihesabu wazee kama wako wote.

Ilichukua robo saa kueleza. Baba ya msichana, mwalimu mstaafu, aliomba aonyeshwe. Akawasha taa, redio ikaimba, akazima, ikanyamaza. Akarudia mara nne. Kisha akacheka mpaka akashika mti wa uzio. Mazungumzo ya ng'ombe yakaanza watu wote wakiwa na furaha, na Kimutai anaapa kwamba walipunguziwa wawili kwa sababu ya redio hiyo.

Kitale, Walubengo hakuwa anacheka. Usiku huo mkewe, Pauline, alimwona amekaa na daftari lake la tatu bila kuandika kitu. Kosa lilikuwa limeenda Bungoma na kurudi. Fundi wa redio hana cheti cha shule ukutani. Ana jina lake tu, na jina hilo lilikuwa limesimamisha baiskeli Webuye.

"Mimi hupima kila waya mara mbili," anasema. "Nazima kila kitu, napima. Nawasha kimoja kimoja, napima. Siku hiyo nilipima mara moja, kwa sababu nilikuwa namfikiria mama. Hicho si kisingizio. Gari halijui kama una mama."

Jumatatu asubuhi, Kimutai alifika. Walubengo alimngojea akiwa amesimama, koleo mkononi, tayari kuomba msamaha na kurudisha chochote atakachodaiwa. Kabla hajafungua kinywa, gari la pili liliegeshwa nyuma ya la kwanza, kisha la tatu. Katika la pili alikuwamo yule mwalimu mstaafu kutoka Kanduyi, ambaye redio yake pia ilikuwa imekwama kwenye tisini tangu ainunue.

"Wewe ndiye wa taa?" mwalimu aliuliza.

"Ni mimi, mwalimu. Na nilikosea."

"Najua ulikosea. Lakini uligundua kosa ukiwa kilomita arobaini na kitu, kwa simu ya kuazima, bila kuona waya hata mmoja. Huyo ndiye fundi ninayemtaka. Fungua hapa."

Waya wa Kimutai ulihamishwa kwa dakika sita. Sasa redio inaimba ufunguo ukigeuzwa tu, mchana na usiku. Na kwenye ukurasa mpya wa daftari la tatu, Walubengo ameandika kwa herufi kubwa, kisha akapigia mstari: PIMA TAA ZIKIWA ZIMEZIMWA. Mwalimu alipoona daftari hilo alikaa nalo saa nzima juu ya kopo la rangi. Amejitolea kumsaidia kupanga michoro hiyo iwe kijitabu cha Kiswahili, ili fundi kijana wa Kimilili au Endebess asilazimike kubahatisha.

Walubengo anasema kijitabu kitangoja kwanza, kwa sababu kuna kazi inayomwasha zaidi. Watangazaji wameipenda kwaya, nao wametuma habari kwamba watarudi Misikhu kurekodi nyimbo mbili nyingine, zitangazwe mwezi wa Septemba. Nyuma ya banda, chini ya turubai, fundi anatengeneza kiti. Ni kiti cha mbao cha kawaida, ila kwenye egemeo lake ametoboa matundu mawili ya mviringo, akatia spika mbili za mlango wa gari lililochakaa. Redio ya mtumba itakaa chini yake pamoja na ekspanda, ikilishwa na betri ya gari. Mama Rasoa ataegemea mgongo, na wimbo utampitia kwenye mbavu, nyumbani kwake, bila kumtoa mzee wa mtu garini.

Kemboi amekijaribu kiti hicho mara tatu na hataki kushuka.

Redio yenyewe bado ina ukaidi. Ilitoka kwenye gari lingine la Japani, na kila ikiunganishwa inaomba namba za siri ambazo hakuna mtu Kitale anayezijua. Walubengo ameiacha ikiwaka saa nzima, amejaribu njia mbili, na sasa anajaribu ya tatu. Anazungumza kuihusu kwa macho yanayong'aa, kama mtu anayesimulia mechi ambayo timu yake iko karibu kushinda.

Akifaulu, atafunga banda siku ya kipindi. Wateja wote wameshaambiwa.

"Ile siku nilimsikia tu, kwa simu ya Kemboi," anasema, akishika egemeo la kiti kwa mikono yote miwili. "Sikumwona. Watu wote waliokuwa pale waliuona uso wake, hata wazee wa Kimutai wasiomjua. Mimi mwanawe sikuuona. Septemba nitakaa chini, pale mbele yake, kabla ya saa mbili. Na ubeti wa kwanza hautampita."